Daftari la Stata

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatano, stata, mota ya kuwashia injini ya pikapu, ililia "tak!" mara moja, kisha ikanyamaza.

Naftali alizungusha ufunguo tena. "Tak!" Taa kubwa za mbele ziliendelea kuwaka vilevile, zikimulika migomba iliyolowa mvua.

"Ndeshi, ondoa jiwe!" aliita kutoka dirishani.

Ndeshi, binti yake wa miaka kumi na miwili, alilivuta jiwe lililozuia tairi la mbele, akaruka pembeni. Pikapu ikaanza kuteremka yenyewe. Ilipofika usawa wa mti wa tatu wa kahawa, Naftali aliachia klachi. Injini ikakohoa, ikawaka.

Kwa miezi miwili gari lilikuwa likiwashwa hivyo nyumbani kwao, juu ya Kikatiti, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kila jioni Naftali aliliegesha likitazama bondeni na Ndeshi akaweka jiwe. Majirani wenye magari walifanya vivyo hivyo. Kwa kuwa mteremko upo kila siku, hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kwa fundi.

Lakini majuma matatu yaliyopita mteremko haukusaidia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Naftali alipoachia klachi, matairi hayakuzunguka. Yaliteleza juu ya tope jekundu, na pikapu ikaingia mtaroni ikiwa na mama yake, Bibi Tabea, ndani. Bibi hakuumia. Ila asubuhi hiyo alitakiwa kufika hospitali mjini Arusha saa mbili kamili, apasuliwe mtoto wa jicho la kulia. Gari lilipotoka mtaroni ilikuwa saa tano. Pikipiki asingeiweza, kwa sababu ya nyonga yake mbovu.

Jicho lake la kushoto lilikuwa halioni kabisa, na la kulia liliona vivuli tu. Hospitali ilimpangia tarehe nyingine, Alhamisi, yaani kesho. Akiikosa hiyo, angesubiri hadi Agosti.

Saa mbili asubuhi baba na binti walifika gereji ya Fundi Silantoi, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo fupi.

"Shikamoo, fundi," Ndeshi aliamkia.

"Marahaba, katibu wangu. Umelileta daftari?"

Daftari lilikuwa wazo la fundi. Pikapu ilikuwa imeletwa kwake mara mbili, na mara zote mbili iliwaka bila shida. "Gari lenu lina adabu za ugenini," alisema mara ile ya pili, akimtazama Naftali. "Likifika kwangu linajifanya zima. Nawe, Baba Ndeshi, nikikuuliza linagoma lini, unaniambia 'mara nyingi tu'. Mara nyingi siwezi kuifungua kwa spana."

Ndipo alipompa Ndeshi daftari jembamba. Kwa siku saba, kila asubuhi, aandike mambo manne: saa, injini ni baridi au ya moto, sauti aliyoisikia, na hali ya taa kubwa. Ndeshi ndiye aliyesimama mbele ya gari kuondoa jiwe, kwa hiyo taa zilikuwa usoni pake.

Sasa fundi aliweka daftari juu ya boneti akasoma huku kidole kikifuata mistari. Alirudi juu, akasoma tena.

"Siku tano, taa hazikubadilika. Jumamosi na Jumapili, taa zilififia." Alipima betri kwa mita yake ya umeme. "Hapa inaonekana nzima. Lakini betri inayoelekea kufa hufanya hivyo, ikipumzika inaonekana nzima, ikipewa kazi inalegea. Taa zikififia wakati wa kuwasha, nguvu ndiyo imepungua. Baba Ndeshi, ifungue uipeleke mjini wakaipime kwa mashine, mimi sina. Ikiwa mbovu, rudi na nyingine."

"Hadi nirudi itakuwa jioni," Naftali alisema.

"Itakuwa jioni. Stata hatuigusi. Siwezi kuifungua stata nzima kwa kubahatisha."

Naftali alikwenda kutafuta spana namba kumi.

Ndeshi alijua mambo mawili ambayo wale wakubwa hawakuyajua. Jumamosi hakuwapo nyumbani. Alilala kwa rafiki yake Angel baada ya mazoezi ya kwaya. Jumapili alikuwepo, lakini alikuwa akifunga viatu vya kanisani mlangoni wakati gari likiwashwa, hakuona taa. Jumatatu jioni alikuta mistari miwili mitupu.

"Andika taa zilififia," Angel alimshauri, akicheka. "Gari likigoma ni betri. Hata mbuzi wetu anajua hilo!"

Akaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku nyingine zote.

Baba alikuwa amekwisha kulegeza nati ya kwanza ya betri.

"Fundi," Ndeshi alisema. Akaita tena kwa nguvu. "Fundi, mistari ya Jumamosi na Jumapili si ya kweli. Sikuziona taa. Nilitunga."

Spana ilisimama. Naftali aligeuka. "Unasema nini wewe? Bibi yako anangoja macho, wewe unatunga?"

"Ngoja, Baba Ndeshi," fundi alisema. Alimpa Ndeshi kalamu. "Ikate mwenyewe. Chora mstari mmoja tu juu ya maneno ya kila siku, yaendelee kusomeka."

Ndeshi alikata. Fundi akasoma upya iliyobaki. "Siku tano. Injini baridi. Kugoma mara tatu, na zote tatu 'tak' moja. Taa hazififii." Akalifunga daftari. "Betri haina kosa. Kaza nati yako, mzee. Kaa ndani, uwashe ninapokuambia."

Aliingia chini ya gari na mita. Ndeshi alichuchumaa pembeni, akamulika kwa tochi.

"Unaona bolti mbili nene? Ya kwanza inapokea umeme wa betri. Katikati kuna swichi. Ukizungusha ufunguo, swichi inagonga, ndiyo hiyo 'tak', inaupitisha umeme kwenye bolti ya pili, na mota inazunguka. Washa!"

Gari likawaka. Fundi akaagiza lizimwe, liwashwe tena. Liliwaka mara ya pili, ya tatu, ya nne.

"Limeanza adabu zake," Naftali alinung'unika.

Likawaka hadi mara ya saba. Mara ya nane, "tak!"

"Shikilia hapo hapo! Usiachie!" Ncha za mita ziligusa bolti ya kwanza. "Ndeshi, soma."

"Kumi na mbili nukta tatu."

Ncha ikahamia bolti ya pili. "Sasa?"

"Sifuri."

"Basi. Achia, mzee. Umeme unafika mlangoni, mlango haufunguki."

Fundi alichomoa waya wa betri kwanza, kisha akaishusha stata na kufungua kifuniko cha swichi. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya shaba, vimeungua na kulika upande mmoja. Alimwonyesha Ndeshi. Vikigusana penye shaba nzima, gari linawaka. Vikigusana penye mashimo, linagoma. Ndiyo maana liligoma leo na kuwaka kesho. Aliweka vipande vipya, akasafisha kutu na vumbi la mota, akarudisha stata mahali pake.

Waliwasha mara ishirini, Ndeshi akihesabu kwa sauti. Ishirini zote ziliwaka. Naftali aliegemeza kichwa kwenye usukani akacheka peke yake, kisha akashuka, akamshika binti yake begani.

"Sikiliza, katibu," fundi alisema akifuta mikono. "Ungeacha mistari mitupu, ningejua kwamba siku hizo sizijui, nami ningepima mwenyewe tangu mwanzo. Uliponiandikia uongo nilidhani najua, nikaacha kupima. Usilolijua, liache wazi. Na ukikosea, sema mapema kama leo, kabla spana haijamaliza kazi."

"Nimesikia, fundi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lichukue daftari, kurasa bado zipo."

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, Naftali aliegesha pikapu ikitazama mlimani. Mvua ilinyesha usiku. Alhamisi saa kumi na mbili na robo alizungusha ufunguo mara moja. Jiwe lilibaki kando ya ukuta. Saa moja na dakika ishirini Bibi Tabea alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali, wa tatu katika foleni.

Ijumaa saa nne asubuhi muuguzi alimfungua bandeji ya jicho la kulia. Bibi alipepesa, akautazama ukuta, akamtazama Naftali, akamtazama Ndeshi.

"Umerefuka," alisema. "Na hicho mkononi ni nini?"

"Daftari la stata, Bibi."

"Hebu lete." Alilishika mbali, mkono umenyooka, akaukunja uso. "Jumamosi na Jumapili umekata. Kwa nini?"

"Niliandika uongo, Bibi. Fundi akaniambia nikate mwenyewe."

Kidole cha Bibi kilishuka hadi mstari wa mwisho. "Na huu wa jana?"

"Huo ni kweli."

Bibi akausoma kwa sauti, neno moja moja: "Saa kumi na mbili na robo. Injini baridi. Imewaka mara ya kwanza."