Usilale Chini ya Jeki

Xavery wa Maretadu hubeba mahindi na maharage kwa pikapu yake. Wiki hiyo aliisimamisha nyumbani. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa. Zilivuja mafuta, na kwenye barabara ya makorongo gari lilirukaruka kama mbuzi. Mkewe, Violeth, alikuwa na mimba ya miezi minane. Pikapu hiyo ndiyo ingempeleka kujifungua.

"Mimi gari hilo sipandi," Violeth alisema. "Litanizalisha njiani."

"Leo leo nafunga shokapu mpya. Kazi ndogo tu," Xavery alijibu.

Kazi ndogo! Alipanga matofali mawili ya tope kwenye udongo wenye unyevu. Akaweka jeki juu yake, akanyanyua gari, akatoa tairi moja la nyuma. Kisha akajisukuma uvunguni na spana yake.

"Hodi hapa!"

Alikuwa jirani yao, Mama Gaudensia. Alitengeneza matrekta miaka mingi kwenye mashamba ya ngano kule Basotu. Mama kama huyo huwezi kumwamkia ukiwa umelala chali. Xavery alijikokota nje, akasimama, akajifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

Mama Gaudensia hakuwahi kuitikia. Tofali lilipasuka. Jeki ikalala. Gari likashuka kwa kishindo, likatua pale pale kifua cha Xavery kilipokuwa.

Violeth alitoka jikoni mbio. Alipomwona mumewe amesimama, alikaa chini akalia. Xavery alimwendea, akamshika bega.

"Marahaba," Mama Gaudensia alisema hatimaye. Kisha hasira ikampanda. "Xavery, una akili kweli? Jeki ni ya kunyanyulia gari. Si ya kulala chini yake!"

"Sikujua, mama."

"Basi leo ujue."

Alikwenda kwake, akarudi na stendi mbili za chuma za kuegemezea gari. Walinyanyua gari tena, wakarudisha tairi, kisha wakalisukuma mpaka penye ardhi ngumu na tambarare. Xavery aliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Aliweka ubao mnene chini ya jeki. Gari liliponyanyuka, walisimamisha stendi chini ya vyuma vya chesesi, kulia na kushoto, wakalishusha likakaa juu yake.

"Sasa litikise," mama alisema. "Kwa nguvu! Likicheza, usiingie."

Halikucheza. Hata hivyo Xavery alisita kabla ya kuingia.

"Nibadilishe hii moja inayovuja sana?" aliuliza akiwa chini.

"Zote mbili. Moja mpya na moja mbovu, gari litavuta upande."

Xavery alilainisha nati zenye kutu kwa mafuta, akafungua, akafunga shokapu mpya na kukaza sawasawa. Gari liliposhushwa, alikandamiza bodi kwa mikono. Liliinuka mara moja, likatulia.

Wiki tatu baadaye Violeth alipanda pikapu hiyo akiwa na uchungu. Alifika kituo cha afya salama, akajifungua mtoto wa kike.

Siku chache baadaye Urban, rafiki wa Xavery, alikuja kuazima jeki. Xavery alikuwa amempakata mtoto.

"Jeki peke yake sikupi," alisema. "Pitia kwa Mama Gaudensia kwanza, uje na stendi."

Urban alicheka. Xavery hakucheka.