Mgeni kwenye Mashine ya Mwaija

Mkewe Samia alikuwa amemtuma nazi. Twalib alishazima taa za duka lake la kompyuta pale Magomeni, Bagamoyo, kufuli iko mkononi, anawaza kama muuza nazi atakuwa bado hajafunga, simu ikaita. Alikuwa Mwaija, mdogo wake, mwalimu wa sekondari kule Mkange.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

"Ni hii mashine yangu... Kaka, inanitazama."

Twalib akacheka. Fundi wa kompyuta husikia mengi. Kuna mteja wa Mbegani aliyewahi kumwapia kwamba printa yake ina jini, akaisomea na dua, kumbe panya kazaa ndani.

"Inakutazamaje?"

"Kile kijitaa cha kamera hakizimiki. Na ile alama ya pembeni, inayotokea ukiwa umeingia wewe, inakaa mchana kutwa. Nilidhani umesahau kutoka."

"Mimi sijaingia kwako tangu mwezi uliopita."

Twalib alimsikia Mwaija akisogeza kiti mbali na meza.

Ile nazi ikasahauliwa. Mwaija ndiye aliyekuwa damu yake pekee. Wazazi walifariki yeye Twalib ndevu hazijamtoka sawasawa, mtoto yuko darasa la kwanza. Alimlea kwa kufyatua matofali, kisha kwa kutengeneza redio, akamsuka nywele kwa mikono yenye saruji, akamsomesha mpaka chuo cha ualimu. Majirani walimtania kwamba ni mama mwenye masharubu, naye hakukasirika hata siku moja. Alimpenda yule binti kuliko roho yake, na hilo hakumficha mtu.

Akarudi ndani, akawasha kompyuta. Nje adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika.

Kuingia kwa programu kwenye kompyuta ya mtu aliye mbali ni kazi nyepesi pale mashine zote mbili zinapokuwa za kabila moja. Balaa huanza zikitofautiana. Ya Twalib iliendeshwa na mfumo wa Linux, kwa sababu ni ya bure na yeye ni bahili wa kujivunia. Ya Mwaija ilikuwa Mac, mtumba, aliyoinunua kwenye vitu vya bwana mmoja wa mradi wa visima aliyepanga Mkange kisha akaondoka. Mac ina adabu za kwao. Hutoa ruhusa mbili. Moja ya kuona kioo, nyingine ya kuendesha. Aliyepewa ya kwanza peke yake ataona kila kitu, lakini akisukuma mausi yake, mshale wa mwenzake hautikisiki.

Siku zote Twalib alijitosheleza na ile ya kuona. Aliangalia, akamwelekeza mdogo wake kwa simu, bonyeza hapa, shuka chini. Na kwa kuwa Mwaija alichoshwa na maswali ya mashine, alimwambia mapema kabisa, ukiona jina langu linaomba kuingia, kubali tu.

Akaomba. Kule Mkange Mwaija akakubali.

Kioo kikawa cheusi.

"Unaona?" Mwaija akauliza.

"Sioni kitu. Nenda kwenye mipangilio, angalia kama ile ruhusa ya kuona bado imewashwa."

"Imewashwa."

Akapunguza ubora wa picha, akidhani mtandao wa Mkange umeelemewa. Cheusi. Akatoka kwenye kompyuta yake, akaingia tena kwa ule mfumo wa zamani wa kuchora picha, maana mara nyingi Linux ukaidi wake uko hapo. Cheusi vilevile. Lakini safari hii sauti ilipita.

Kulikuwa na mtu anavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ndefu, nzito... ikakaa... ikatoka taratibu. Twalib akasogeza sikio kwenye spika.

"Una mgeni hapo ndani?"

"Niko peke yangu, kaka. Kwa nini?"

"Basi tu."

Dukani kukaingia harufu ya udongo mbichi, udongo uliotoka kuchimbwa. Twalib akageuka akatazama mlango. Mlango ulikuwa umefungwa, naye ndiye aliyeufunga. Akajiambia ni mtaro wa jirani, ingawa alijua fika kwamba ule mtaro ni mkavu tangu masika yapite.

Picha ikatokea. Meza ya Mwaija ikaonekana, na alama za mitihani za kidato cha pili, na juu pembeni ile alama isiyozimika. Twalib akaanza kumwelekeza namna ya kuifunga programu yote. Kila Mwaija alipofungua orodha, ilijifunga kabla hajachagua. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, Mwaija akaanza kulia kwa hasira.

"Usilie. Nipe ile ruhusa ya kuendesha, niimalize mwenyewe."

"Si ulisema tusiiguse hiyo?"

"Nilisema. Leo washa."

Mwaija akafungua mipangilio, akaandika neno lake la siri, akawasha.

"Haya kaka. Tayari."

Mshale ukasogea.

Ukazunguka kidogo, polepole, ukanyooka, ukapanda juu ya kioo ukashuka. Ulikwenda kwa raha, kama mtu anayenyoosha miguu baada ya kukaa sana.

"Alhamdulillahi," Mwaija akasema. "Umeshaushika."

Mkono wa Twalib ulikuwa bado umeshika simu.

Akafungua orodha ya waliounganishwa. Walikuwa wawili. Wa kwanza aliitwa Twalib, na mbele ya jina ilikuwepo alama ya Linux. Wa pili aliitwa Twalib pia. Mahali pa alama ya mfumo palikuwa patupu. Si Windows, si Mac, si simu. Programu ile huandika kitu hata kama haijui, huweka alama ya kuuliza. Hapa haikuweka chochote.

"Mwaija," akasema. "Kuna siku umenikubali halafu hatukuongea?"

"Siku nyingi. Si unaomba kuingia kila magharibi, nakubali, unakaa kimya tu? Nikajua unanichungulia kama niko salama. Hata nikafurahi."

Nyumbani kwao walifunzwa tangu wadogo: ukiitwa jina magharibi na mtu humwoni, usiitike, hata kama ni sauti ya mama yako, mpaka aite mara ya tatu, maana wale wengine, wasio watu, hawafiki mara ya tatu. Mwaija alilishika hilo mpaka ukubwani. Kwa sauti ya mlangoni asingeitika ng'o. Lakini huyu hakuita kwa sauti. Aliweka jina la kaka yake na kitufe cha kubali, na kaka yake ndiye aliyemwambia akubali.

Likamjia na la pili, ambalo ni baya zaidi. Ruhusa ya kuendesha hapewi mtu. Hupewa programu, na kila aliyeunganishwa kupitia programu hiyo anaipata. Wiki zote hizo yule wa pili alikuwa anaona tu, hana namna ya kugusa.

Mpaka leo, fundi alipokuja kusaidia.

"Izime!" Twalib akapiga kelele. "Bonyeza kitufe cha kuzimia, usikiachie!"

Dirisha la kamera likafunguka lenyewe, uso wa Mwaija ukajaa kioo. Alikuwa na ushungi wake wa kijani. Twalib akamwona akipeleka kidole kwenye kitufe. Kidole kikafika karibu. Kikasimama.

Mshale ukaenda kushoto. Uso wa Mwaija ukageuka kushoto.

Mshale ukapanda. Kidevu chake kikapanda.

"Mwaija!"

"Ka... ka..." Sauti ilifika kwanza. Midomo ikaja kucheza baadaye.

Twalib akaikamata mausi akauvuta mshale kuelekea mipangilio, akaizime ile ruhusa. Alifika nusu ya kioo. Kitu kikauvuta kutoka upande wa pili, bila pupa, na kadiri alivyokazana ndivyo uso wa mdogo wake ulivyokunjamana kwa maumivu. Akaachia. Hakuweza. Nani angeweza? Angejitoa kwenye muunganisho, lakini hapo angekuwa amejitoa yeye tu, na Mwaija angebaki na huyo mwingine peke yao.

Uso ukatulia. Macho yakatazama moja kwa moja kwenye kamera.

"Ahsante, fundi," Mwaija akanong'ona. Hajawahi kumwita fundi hata siku moja. "Nilikuwa naona tu."

Simu ikakatika.

Twalib akampigia Mwalimu Verdiana, yule wa Bukoba anayekaa nyumba ya pili kwenye nyumba za walimu. Hata salamu hakumpa. "Mwalimu, kimbia kwa Mwaija. Funga ile kompyuta. Vunja mlango ukibidi." Verdiana hakuuliza. Punde Twalib aliuona mlango ukifunguka nyuma ya mdogo wake, akaiona gauni ya Verdiana, kisha mkono, kisha giza.

"Nimeifunga," Verdiana akasema kwenye simu, anahema. "Nimeifunga, kaka Twalib. Lakini... njoo."

"Ameanguka?"

"Hajaanguka. Amekaa tu. Namwita haitiki. Ila mkono wake wa kulia, Yesu wangu... unatembea mezani."

Hivyo ndivyo alivyomkuta, na hivyo ndivyo alivyomrudisha Bagamoyo. Mwaija hula akilishwa, hulala akilazwa, hutembea akishikwa mkono. Hospitali walimpiga picha za kichwa wakasema hamna kitu. Masheikh walisoma mpaka sauti zikawakauka. Mzee Mwinyijuma wa Fukayosi, mganga ambaye watu humfuata kutoka Tanga, alimtazama mara moja tu, akaanza kukunja mkeka wake hajafungua hata mkoba.

"Huyu hajaugua wala hajafa," alisema. "Yupo kazini."

"Kazi ya nani, mzee?"

"Ningelijua hilo, mwanangu, nisingelikunja mkeka."

Msukule sote tumesikia habari zake. Huchukuliwa, huzikwa mgomba badala yake, akalimishwa mashamba ya watu gizani. Lakini Mwaija halimi. Vidole vyake hubonyeza, husogea, hubonyeza, mkekani, pajani, ukutani, na kazi hiyo Twalib anaitambua kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba ile. Anachokifanya hasa, na kwa ajili ya nani, hajui. Verdiana alikuja kumwona, akalia, halafu kabla hajaondoka akasema lililokuwa linamsumbua. Yule bwana wa visima hakuondoka Mkange kwa miguu yake. Ndugu zake walikuja wakambeba kwenye kiti, macho wazi, mkono wa kulia unatembea juu ya goti. Mwenye nyumba aliwaambia watu amehama, asije akakosa mpangaji mwingine.

Twalib aliivunja ile Mac kwa nyundo siku hiyohiyo. Akatoa diski, akaisaga, akavitupa vipande kwenye tanuri la chokaa. Mac haipo tena duniani, hata skrubu. Samia alimshikia taa akatazama kila kitu kikiyeyuka, naye si mtu wa kuzua.

Magharibi moja, baada ya wiki kadhaa, Twalib alikuwa nyumbani anafanya kazi ya mteja. Mwaija alikuwa amekalishwa mkekani mbele yake, ameegemezwa mto. Akafungua ile programu. Kwenye orodha ya mashine alizowahi kuzihudumia, nyingi zilikuwa za kijivu, zimezimwa. Moja ilikuwa na nukta ya kijani.

Mwaija. Yupo mtandaoni.

Alikaa sana akiitazama ile nukta. Kisha akaomba kuingia. Hakuna aliyebonyeza kitu popote, na ombi likakubaliwa.

Picha haikuwa ya meza wala ya mitihani. Ilikuwa ya mwanaume mwenye mvi changa amekaa sakafuni nyuma ya kompyuta, mdomo umemwanguka, mwanga wa kioo usoni. Nyuma yake palikuwa na kabati la vyombo la Samia. Twalib akainua mkono wake wa kushoto. Yule mwanaume akainua wa kwake.

Alikuwa anaona kwa macho ya mdogo wake.

Akaisukuma mausi huku na huku. Mshale haukumtii. Ulikuwa pale chini unaendelea na shughuli zake, unabonyeza visivyoonekana, na mkekani mkono wa Mwaija ulikwenda nao sambamba. Akatafuta ruhusa za kuzima. Mipangilio haikuwepo. Kitufe kilichokuwepo kilikuwa kimoja, cha kukatisha, na Twalib hakujua kikibonyezwa kitamkatisha nani. Kidole kilikaa juu yake mpaka adhana ya isha. Hakubonyeza. Hajabonyeza mpaka leo, wala haizimi ile mashine, wala hamruhusu mtu aisogelee.

"Mwaija," alinong'ona. "Unanisikia?"

Uso wa Mwaija ulikuwa mtulivu, hauna jambo. Lakini kwenye kioo picha ilianza kufifia. Kingo za kabati zikavimba, sura ya Twalib ikatawanyika ikawa michirizi. Fundi akadhani mtandao umeshuka. Akakagua, mtandao ulikuwa mzima.

Ndipo akainua macho akamtazama mdogo wake.

Aliinuka akapiga magoti mbele yake, akakamata upindo wa khanga, akamfuta machozi jicho moja, kisha la pili. Akageuka kutazama nyuma. Picha kwenye kioo ilikuwa imekuwa safi, halafu, taratibu, ikaanza tena kufifia.