Sifuri kwenye Fomu

Walikutana kwenye foleni ya fotokopi, wiki ya kufungua shule. Mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi walimwita Redio alikuwa akipiga soga na duka zima. Mbele yake, dada mmoja wa gauni la kijani aliomba akatiwe karatasi vipande mia mbili.

"Unafungua duka la karanga?" Redio akamtania.

"Nafundisha hesabu," akajibu taratibu. Kumbe ndiye mwalimu mgeni wa shuleni kwake.

Kufikia muhula wa pili walishachumbiana. Kila jioni Redio alipiga simu, akaongea peke yake nusu saa, kisha akamwita kwa jina alilombandika, "Kimya wangu, upo?"

"Nipo. Nakusikiliza, mpenzi."

Ndipo Redio akapewa kazi ya kukagua vipindi vya wenzake. Fomu ilitaka idadi ya mikono iliyonyooshwa. Darasani kwa Kimya wanafunzi waliinama wakiandika, naye akapita dawati kwa dawati akinong'ona. Redio alihesabu sifuri. Akaogopa kuambiwa anampendelea mchumba wake, akaandika: *Darasa limelala.* Mkuu wa shule akamnyang'anya Kimya darasa la mtihani, akampa Redio.

"Ungeniuliza tu," Kimya alisema kwenye simu.

"Wangesema nakubeba."

"Mimi nilitaka uniulize." Akakata.

Siku ya kwanza Redio alipaza sauti kipindi kizima, mkono haukunyooshwa hata mmoja. Kengele ilipolia, msichana wa dawati la mwisho akamletea kopo. "Mwalimu, maswali huwa tunaweka humu."

Lilijaa vile vipande vya karatasi, kila swali limejibiwa kwa wino mwekundu. Thelathini na kimoja vilikuwa na jina la msichana huyo. Mwaka jana, kwenye ripoti yake, Redio alimwandika *mvivu, hashiriki*. Aibu ikamshika, akashindwa hata kumtazama usoni.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule. "Fomu ile nilikosea. Mrudishie mwenzangu darasa lake." Mkuu alinung'unika, lakini akakubali.

Hakumpigia Kimya simu. Aliandika kipande, *Nimekukosea. Nisamehe, nakupenda,* akakitumbukiza kwenye kopo. Asubuhi akakikuta kimesahihishwa kwa wino mwekundu, kama jibu la hesabu lisilo na hatua zake: *Onyesha njia.*

Redio akaketi dawati la mwisho, akaomba kalamu kwa yule msichana, akaanza kuandika hatua kwa hatua alivyokosea. Kimya aliingia, akamwona, akaanza kipindi. Hadi kengele inalia, Redio hakuwa amesema neno.