Uzi wa Mzee Jaku

Kila alfajiri, akishasali, Mcha alikaa kwenye baraza ya nyumba ya shangazi yake, Kikwajuni, akashona kofia mpaka jua lipande. Kisha alioga, akanywa chai kwa mkate wa mofa, akashika njia ya chuo cha ualimu. Alikuwa kijana wa kwanza kutoka kijiji chao cha Matemwe kufika chuo hicho. Posho ya chuo ilikwisha kwa vitabu na chakula. Sabuni, mafuta ya taa na nauli ya kwenda kumwona mama yake vilitoka kwenye ncha ya sindano yake.

Kazi hiyo alifundishwa na shangazi yake, Bi Mize. Kwanza unampima mteja kichwa kwa uzi, unapiga fundo, na uzi wake unautundika msumarini mpaka kofia iishe. Unashona moja, unaipeleka kwa mwenyewe, ndipo unakata nyingine.

Mwezi wa Rajabu, mkuu wa chuo alitangaza habari iliyowatikisa wote: mwanafunzi mmoja atapelekwa Uganda kwa masomo ya juu. Kila mmoja atafundisha somo mbele ya mkaguzi, wiki ya mwisho kabla ya skuli kufungwa kwa Ramadhani, na atakayefundisha vizuri zaidi ndiye atakayekwenda.

Moyo wa Mcha uliwaka. Alimtazama rafiki yake Shamsi, mtoto wa mjini, viatu vinang'aa, maneno yanamtoka kama redio. "Na mimi mtu wa shamba, mwenye kanzu mbili, nitaonekana kwa nini?" alijiuliza.

Akaona dawa ni koti. Si koti lolote: la kijivu, lenye vifungo vitatu, lililoning'inia kwa fundi cherehani wa Darajani. Akapokea kazi ya kofia nne za sikukuu kwa mpigo, akachukua arbuni, malipo ya kutangulia, kwa kila mteja, na fedha zote zikaishia kwa fundi yule.

"Mcha!" Bi Mize alimwita siku moja.

"Naam, shangazi."

"Mbona msumari mtupu? Nyuzi ziko wapi?"

"Sina wasaa wa kumpima kila mtu. Nshakata zote kwa kipimo cha kichwa changu. Kichwa ni kichwa."

"Haya, Bwana Koti," alijibu Bi Mize, akaendelea kuchagua mchele.

Wiki ya mtihani ikafika, na kofia moja ilikuwa tayari. Mwenyewe, Mzee Jaku muuza kahawa, alikuja kuichukua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu! Lete tuone."

Akaivaa. Lo! Kofia ilikaa juu ya kichwa chake kama kikombe juu ya dele la kahawa. Mzee alipogeuka, ikaanguka. Watoto wa mtaani wakaangua kicheko.

"Itakaa ikifuliwa, mzee," Mcha alisema huku jasho linamtoka.

"Itakaa vipi? Au nikachongwe kichwa?" Mzee Jaku alicheka na watoto, kisha akamrudishia kofia. "Mwanangu, nilikupa arbuni kwa sababu nilikuamini."

Maneno hayo yalimchoma Mcha kuliko kile kicheko. Zile tatu zilizobaki nazo zilikuwa ndogo vilevile, na fedha za watu alikuwa amezivaa mgongoni!

Jioni ile ile alilikunja koti, akaenda nalo kwa Shamsi. "Linunue," alimwambia.

"Una wazimu? Juzi ulikuwa hulivui hata juani!"

"Nnalipenda, lakini lina wenyewe wanne."

Shamsi alicheka mpaka akashika mbavu. Akalinunua, maana naye alikuwa akilitamani. Mcha akawapitia wateja wake mmoja mmoja, akawaeleza ukweli. Wawili walirudishiwa arbuni zao. Mwingine alikubali kungoja mpaka sikukuu ya pili, ya Mfunguo Tatu, na Mzee Jaku pia. Safari hii Mcha alimpima kwa uzi.

"Zungusha vizuri," mzee alimtania. "Humo ndimo nnamoweka hesabu za kahawa."

Siku ya mtihani, Shamsi alifundisha vizuri, ingawa jasho lilimtiririka ndani ya koti. Kisha akaingia Mcha kwa kanzu yake safi. Alianza somo la vipimo kama lilivyo kitabuni. Wavulana wa darasa lile wakaanza kupiga miayo. Akafunga kitabu, akatoa mfukoni ile kofia na kibunda cha nyuzi.

"Kofia hii ilishonwa kwa ajili ya Mzee Jaku, nayo haikumwenea. Kwa nini?"

"Ana kichwa kikubwa!" walipiga kelele.

"Kichwa cha Mzee Jaku hakina kosa. Mwenye kosa ni fundi aliyekata bila ya kupima, na fundi huyo ni mimi. Haya, chukueni nyuzi, tupimane!"

Darasa likachangamka kama soko. Wavulana walizungushiana nyuzi vichwani, wakazinyoosha kwenye rula, wakaandika inchi ubaoni na kutoa tofauti. Mdogo wao kuliko wote akamwendea mkaguzi, bwana mnene mwenye miwani.

"Na wewe, bwana, inama nikupime!"

Mkaguzi akainama.

"Mwalimu, uzi haufiki!"

Mkaguzi ndiye aliyecheka wa kwanza, na miwani ikamdondoka.

Alasiri, matokeo yaliposomwa, aliyechaguliwa alikuwa Mcha. Shamsi ndiye aliyembeba begani mpaka Kikwajuni.

"Shangazi! Nimechaguliwa, na koti sikuvaa!"

Bi Mize alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Kisha akamkalisha barazani. "Sikiliza, mwanangu. Fedha uliyopewa kwa kazi ni ya kazi hiyo mpaka uimalize. Na ukitaka watu wakuone, ijue kazi yako, timiza ulichoahidi, na ukikosea sema. Hapo hutahitaji kununua macho ya watu. Sasa tulia nikupime."

"Unipime? Kwa nini tena?"

"Unataka kwenda Uganda kichwa wazi?"

Akauzungusha uzi, akapiga fundo, akautundika msumarini, kando ya uzi wa Mzee Jaku.