Niwekee Vitu Vyangu

Ysela Bracamonte alikuwa amefika meza ya tano. Alipita polepole nyuma ya wapigaji shabaha, akikagua bastola moja baada ya nyingine: kasha la risasi limetolewa, chemba iko wazi, mdomo umeelekezwa kwenye tuta la udongo. Jumapili ile uwanja ulikuwa umefurika. Harufu ya baruti ilichanganyika na ya mafuta ya kujikinga na jua, na maganda ya risasi yalilia chini ya viatu. Alivaa fulana nyekundu ya wasimamizi na kofia ya majani iliyochakaa ukingoni. Vifuniko vya masikio vilimning'inia shingoni kama mkufu mzito.

"Mstari umelala, hakuna kupiga," alitangaza alipomaliza meza ya mwisho. "Wote nyuma ya rangi ya njano. Asiguse mtu kitu."

Watu wakarudi nyuma. Baadhi yao wakatembea kwenda mbele kubadilisha karatasi za shabaha, wakipiga soga. Hapo ndipo mwanamume mmoja, mrefu, mwenye shati la kazi la buluu, alipovuka rangi ya njano, akatoa leso mfukoni na kuanza kuipangusa bastola yake vumbi.

Ysela hakupaza sauti. Alimfikia akasimama ubavuni pake.

"Bwana, iache. Inua mikono, rudi nyuma taratibu."

Mwanamume alitii. "Nilikuwa napangusa vumbi tu."

"Najua."

"Haina kitu. Si umeikagua wewe mwenyewe?"

"Nimeikagua. Lakini yule mama pale mbele, anayebandua karatasi yake, amekupa mgongo. Hajui nimekagua nini. Anachojua ni kwamba nyuma yake hakuna mtu aliyeshika bastola. Umemfanya aamini uongo."

Mwanamume alimtazama yule mama, rangi ikamtoka usoni. Kwa kosa lile mtu hufungasha na kwenda zake siku hiyo, na wengi hubishana hadi langoni. Huyu hakubishana.

"Naitwa Wade Tolliver," alisema akifunga kasha lake. "Nikija tena Jumapili utanifukuza tena?"

"Ukija kufukuzwa, njoo mapema. Asubuhi huwa nina subira."

Kwenye gari la mizigo la Wade, mbwa wa kahawia alikuwa ametoa kichwa dirishani, ulimi nje, kama anayemcheka bwana wake.

Wade alirudi Jumapili iliyofuata, mapema, na burito mbili, chapati zilizoviringishiwa nyama kavu, zimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa.

"Hii ni rushwa?" Ysela aliuliza.

"Ni fidia ya yule mama. Hayupo, basi kula wewe."

"Na hiyo nyingine?"

"Ya Banjo." Mbwa alitikisa mkia aliposikia jina lake. "Lakini ukinifundisha kupiga, Banjo atafunga leo."

Alimfundisha. Alimwonyesha namna ya kukumbatia mpini kwa mikono miwili, namna ya kuweka kidole nje ya kifyatulio mpaka macho yawe yameridhika, namna ya kukivuta pole kama anayekamua ndimu. Risasi za Wade zilianguka chini, daima chini. Ysela akamjazia kasha la risasi kwa mikono yake, akichanganya risasi za kweli na za bandia, bila kumwambia zipi ziko wapi. Wade alipovuta kifyatulio kwenye ile ya bandia, hakuna kilicholia, ila mdomo wa bastola uliinama kama mtu anayesinzia kanisani.

"Umeona?" Ysela alicheka. "Unaogopa kelele kabla haijaja."

"Ndivyo nilivyo hata kwa mambo mengine, dada."

"Mimi si dada yako."

"Nashukuru kusikia hivyo."

Mapenzi yao yalikuwa ya simu zaidi kuliko ya kukaa. Ysela siku za kazi alisaga vioo vya miwani katika duka moja mjini Tucson. Wade alitengeneza mashine za kupozea hewa, na katika mji ule mashine hizo hukaa juu ya mapaa. Alimpigia akiwa huko juu, upepo ukivuma kwenye simu.

"Nakuona," alisema.

"Mwongo. Uko wapi?"

"Juu ya paa la kanisa. Naona duka lako. Umevaa blauzi ya kijani."

"Blauzi umeiona asubuhi ukininywesha kahawa. Shuka kabla jua halijakukaanga, mpenzi."

"Nikikaangika utanila?"

"Na pilipili."

Ilimchukua Wade muda kumwambia kwamba bastola ile ilikuwa ya kaka yake, Emmett. Alisema wakiwa jikoni, akimenya parachichi. Emmett alijiua mwezi wa pili, kwa silaha nyingine ambayo polisi waliondoka nayo. Hii ilibaki kabatini, Wade akairithi pamoja na mbwa.

"Nilitaka kujua alikuwa anapenda nini huko uwanjani," alisema. "Sasa najua. Unapopiga, huwezi kuwaza kitu kingine."

Ysela alimwekea chumvi karibu.

Joto la mwezi wa sita lilipoingia, Wade alianza kupungua. Simu za mapaani zikawa fupi. Alilala na viatu. Siku moja jioni alikuja na lile kasha la bastola, akaliweka juu ya meza ya Ysela.

"Niwekee vitu vyangu," alisema.

Kila mtu wa uwanja ule aliyajua maneno hayo. Mtu akiona giza linamzidi, huchukua silaha zake akampelekea mwenzake wa kuaminika, akasema hivyo tu. Mwenzake huzipokea bila kuuliza. Na siku mwenyewe akizitaka, hurudishiwa bila kuuliza vilevile. Ndiyo maana watu walithubutu kuzileta. Hollis, mkuu wa uwanja, alikuwa amempa Ysela kabati la chuma kwa kazi hiyo, maana hakuna aliyewahi kumsikia akitoa siri.

Ysela alilipokea kasha, akalifungia. Alimkumbatia Wade mpaka shati lake likalowa begani.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia. Miaka ya nyuma alimwekea vitu fundi bomba mmoja, Fermín Ochoa, mtu wa vichekesho. Fermín alipovitaka, Ysela alimpa bila swali, kama ilivyo desturi. Walimzika wiki ileile.

Wiki zikapita. Asubuhi moja ya Jumamosi Ysela alikuwa anamwagilia maua nje ya nyumba, gari la Wade likasimama. Alishuka amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, buti zinang'aa. Alikuwa anatabasamu. Ysela hakuwa ameliona tabasamu lile tangu masika.

"Umependeza. Unakwenda harusini?"

"Nimekuja kukuona, Sela. Na kuchukua vitu vyangu. Nimepona."

Moyo wa Ysela ulifunguka, naye akapiga hatua amfuate. Kisha macho yake yakaenda garini. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Banjo yuko wapi?"

"Nimempa jirani. Ana ua kubwa."

"Mpaka lini?"

"Nimempa tu."

Ysela alifunga bomba la maji. Alisikia matone ya mwisho yakidondoka kwenye changarawe.

"Sikupi, Wade."

"Ni vyangu."

"Ni vyako. Sikupi."

Tabasamu halikutoka mara moja usoni pa Wade, lilibaki kama kitu alichosahau kukivua. "Desturi yenu inasemaje?"

"Najua inavyosema. Niliifuata siku moja nikaishia mazishini. Nakuuliza jambo, unijibu ukinitazama. Unataka kujiua?"

Wade aliutazama mpira wa maji.

"Kumbe mimi ni kichaa wako," alisema. "Nilidhani unanipenda. Kumbe unanichunga kama mzigo wa vioo."

"Nakupenda, ndiyo maana nauliza."

"Duka la bunduki liko njia ya kwenda kwangu. Unalijua?"

"Nalijua. Sina uwezo wa kufunga maduka. Nina uwezo wa kabati moja."

Wade aliingia garini, akaondoka bila kufunga mkanda.

Ysela alimfuata na gari lake, ndala miguuni, simu sikioni. Alimpigia Nadine, dada yake Wade, aliyeishi Yuma. Alipiga namba ya msaada kwa watu walio katika hatari ya kujidhuru. Msongamano wa magari ukamfanya ampoteze Wade njiani. Alipofika, gari la Wade lilikuwa tayari mbele ya nyumba, na pazia likasogea. Aliegesha, akabaki palepale, mikono kwenye usukani, akiomba asisikie chochote. Walikuja mwanamume na mwanamke waliovaa nguo za kawaida, waliotumwa na watu wa ile namba ya msaada, wakabisha hodi kwa upole, wakaingia. Majirani walitoka barazani. Adhuhuri ilipokwisha pita Nadine naye alifika, akamtoa kaka yake akiwa na begi dogo.

Wade alisimama kwenye dirisha la gari la Ysela.

"Umenivua nguo mbele ya mtaa mzima," alisema. Basi.

Hakukuwa na simu tena. Ysela alipiga mara ya kwanza, akapiga ya pili, kisha akaacha, maana Nadine alimwambia kwa sauti ya uchovu, "Yuko hai, wifi. Anakula kidogo. Jina lako hataki kulisikia." Ysela alilishika lile neno hai. Usiku alilala nalo, nalo halikutosha, wala hakuwa na haki ya kutaka zaidi.

Uwanjani habari zilienea. Hollis alimkuta akipaka rangi ya njano mstari.

"Watu wananiuliza kama vitu vyao viko salama kwako," alisema.

"Viko salama. Waambie waje wavichukue. Ila nitawauliza swali kwanza."

"Desturi haina swali, mama."

"Sasa inalo. Au chukua ufunguo."

Hollis aliutazama ufunguo alionyooshewa, akaurudisha kiganjani mwa Ysela. Wawili walikuja. Mmoja alikasirika, akajibu swali kwa matusi, akavichukua akaenda zake, na mpaka leo ni mzima na hamsalimii Ysela. Wa pili aliulizwa, akaketi kwenye kiti, akaketi mpaka kahawa ikapoa. Hakuvichukua.

Baridi ilikuwa imeshaingia kwenye misonobari ya milimani simu ilipolia dukani, Ysela akiwa na vumbi la kioo vidoleni.

"Ni mimi."

Alizima mashine ya kusaga. "Nasikia."

"Siku ile nilikuwa nimeosha vyombo vyote," Wade alisema. "Nimefunga maji. Nilipokuja kwako nilikuwa na furaha, Sela. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Sikuwa naigiza."

Ysela aliketi juu ya sanduku la miwani.

"Nilipita dukani pale. Niliegesha kabisa. Lakini nilikuwa nimekukasirikia mno, nikasema kwanza nifike nyumbani nikuandikie ujumbe nikutukane."

"Sikuupata."

"Sikuumaliza. Nilichungulia dirishani, nawe ulikuwa umeshaegesha."

"Basi niandikie sasa."

"Nimesahau matusi."

Ysela alicheka, kisha kicheko kikageuka, akaziba simu kwa kiganja. Mteja mmoja alijifanya anachagua fremu.

"Nilidhani unanichukia," alisema alipoweza.

"Nilikuchukia. Nilidhani unaniogopa."

"Nilikuogopa. Bado nakuogopa. Vyote viwili vinakaa pamoja, mpenzi, usinichagulie kimoja."

Alikuja uwanjani Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mashindano ya kupiga shabaha. Alikuwa amekonda, ndevu zimerudi, shati limekunjamana. Banjo alitangulia kushuka. Uwanja ulikuwa mtupu. Ysela peke yake alikuwa akibana makaratasi magumu kwenye fremu za mbao za shabaha kwa stepla kubwa ya mkono. Hawakukimbiliana. Wade alisimama upande wa pili wa fremu, akaishika isitikisike, na kazi ikaendelea.

"Umekuja kuchukua vitu vyako?" Ysela aliuliza, macho kwenye pini.

"Nimekuja kukuambia usinipe. Nikija nimekasirika, usinipe. Nikija nacheka, ndiyo kabisa usinipe."

"Na nikikuuliza lile swali?"

"Niulize."

Ysela aliinua macho. "Unataka kujiua?"

"Leo hapana. Jumanne iliyopita, asubuhi, ndiyo. Nilimwamsha Nadine." Alisema kama mtu anayetaja mahali panapomuuma kwa daktari. "Sijui kama giza hili litaondoka lote. Sikutaka urudiane na mtu anayekuficha hali yake."

Walibana fremu nyingine, kisha nyingine. Upepo ulipeperusha vumbi jekundu juu ya tuta.

"Nadine anasema nikuoe kabla hujapata akili," Wade alisema.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema sijui kama natosha kuwa mume wa mtu."

"Sijaomba mume. Nimeomba ushike ubao. Ukishika vizuri tutazungumza hayo mengine."

"Unanijaribu?"

"Nakutumikisha. Inua upande wako."

Aliinua. Kwa mara ya kwanza tangu waachane mkono wake ulikaa juu ya mkono wa Ysela, mkavu na wa baridi, ukakaa hapo muda ambao kazi haikuuhitaji. Ysela hakuuondoa. Alisikia mapigo, hakujua ni ya nani.

Jua liligusa milima, honi ya Hollis ikalia langoni: anafunga. Nyuma yao fremu nyingi bado zilikuwa tupu, zimelazwa chini kama ngazi.

"Na hizi?" Wade aliuliza.

"Kesho alfajiri, kabla watu hawajaja." Ysela alivua glavu. "Sema utakuja."

Wade alizitazama zile fremu moja moja, hadi mwisho wa safu.

"Nitakuja kesho," alisema.

Ysela alimtia stepla mkononi, akamfumba vidole juu yake.

"Basi kaa nayo wewe. Ni hii moja tu tuliyo nayo. Usipokuja, siwezi kuanza."