Nne Yako, Nane Yangu

Mtaa wa karakana ulikuwa umefurika asubuhi hiyo, hata ukitaka kupiga chafya ilibidi uombe nafasi. Mafundi walikuwa wanaburuta vyuma chakavu, vijana wanafagia, bendi inajaribu spika zake mbovu. Katikati ya vurumai hiyo akapita afisa wa mradi kutoka manispaa, gauni la bluu lenye mkanda mweupe, faili kwapani, chaki mkononi. Mtaa ule ulikuwa umekufa tangu karakana kubwa zifungwe, na manispaa, baada ya kushindwa mara mbili kuufufua kwa mikutano, ilikuwa imekubali vijana wa hapo waufufue wenyewe kwa rangi na muziki.

Kazi ya afisa siku hiyo ilikuwa kuhesabu kuta. Zilikuwa kumi na moja. Akaanzia upande wa barabara kuu: moja, mbili, tatu. Alipofika ya nne akaandika tarakimu kubwa, akaikandamiza vizuri, na chaki ikazama kwenye rangi mbichi.

"Dada," sauti ikasema kutoka juu, "hapo ulipoandika ni goti la mama yangu."

Akainua uso. Juu ya ngazi alisimama kijana mrefu, ovaroli yake ina madoa ya rangi zote duniani, anajikaza asicheke. Ukutani alikuwa mwanamke mkubwa kuliko mlango, ameketi kwenye cherehani.

"Yallah! Nisamehe kaka yangu, sikuona!"

"Mwanamke wa ukubwa huo hukumwona? Na ofisi ndiyo imekuamini uhesabu?"

"Nimeshasema nisamehe. Nafuta sasa hivi."

"Acha usifute, utaharibu zaidi. Halafu hii si ya nne. Ni ya nane."

"Nimehesabu mwenyewe."

"Umeanzia barabarani. Sisi tunaanzia jukwaani, kule muziki unakotokea."

"Manispaa inaanzia barabarani."

"Basi yaishe. Nne yako, nane yangu."

Kule jukwaani mpiga gitaa la besi, ambaye ndiye pia aliyeshika funguo za stoo ya rangi, alikuwa ameyaona yote. Akakishika kipaza sauti. "Shemeji, karibu mtaani!" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Afisa alitamani ardhi ipasuke immeze, ila tabasamu lilimtoka bila ruhusa.

Kijana huyo mtaani walimwita Brashi, na yule mpiga gitaa, rafiki yake wa tangu utotoni, walimwita Besi. Kabla ya jua kupanda afisa alikuwa ameshajua habari yote. Mama yake Brashi alikuwa fundi cherehani, alishona chini ya ukuta huo huo miaka mingi. Alifariki miaka miwili iliyopita, na picha zake zote zikachukuliwa na mafuriko yaliyoingia chumbani kwao.

"Namchora kabla sijamsahau," Brashi alisema, na safari hii hakutania.

Ile nne hakuifuta. Aliipaka vanishi juu yake isifutike, akamwacha mama na namba yake gotini.

Mapenzi yao hayakuhitaji mshenga. Simu zilianza kwa mambo ya kazi, zikahamia kwenye mambo ya moyo.

"Nne, umekula?"

"Nane, niko kikaoni."

"Kikao gani kinachokuzuia kutafuna? Chukua karanga, tafuna kwa adabu."

"Wewe utanifukuzisha kazi."

"Ukifukuzwa njoo, kuna ngazi ya pili."

Afisa alijikuta anacheka peke yake kwenye korido, na makarani wakawa wanatazamana.

Balaa lilianza kwenye simu kama hizo. Siku moja ofisi ilitaka orodha ya kuta za kupakwa chokaa, zile tupu ambazo zingeandaliwa kwa wachoraji wapya. Vibarua wangekuja siku ya mapumziko, na karatasi ilitakiwa kabla ya saa sita. Afisa alimpigia Brashi, simu ameibana begani, kalamu mkononi.

"Kuta zilizo tayari ni zipi, mpenzi?"

"Ya pili, ya nne na ya tano. Na moyo wangu. Huo nao uko tayari."

"Moyo wako haupakwi chokaa," akasema huku akicheka, akaandika: mbili, nne, tano. Akatia sahihi.

Hesabu ya Brashi ilianzia jukwaani. Karatasi ya ofisi ilianzia barabarani, ambako ya pili na ya tano nazo zilikuwa hazijachorwa. Kila siku afisa alikuwa anazigeuza namba hizo kichwani bila hata kufikiri, ila siku hiyo kichwa kilikuwa kwenye kicheko.

Siku ya mapumziko Brashi alikuwa mtaa wa pili anafundisha watoto kuchora. Vibarua walifika na karatasi yao, Besi akawatolea chokaa stoo, akarudi kwenye mazoezi. Alipotoka tena, cherehani haikuwepo, mama hakuwepo. Ukuta ulikuwa mweupe.

Kesho yake Brashi alisimama mbele ya ukuta ule, mikono imening'inia. Afisa alifika mbio, akahesabu kutoka barabarani, moja, mbili, tatu, nne. Nakala ya orodha ilikuwa kwapani mwake, ndani ya faili.

"Nani alitoa chokaa?" Brashi aliuliza.

"Mimi," Besi akajibu.

Wiki iliyotangulia hao wawili walikuwa wamegombana. Besi aliutaka ukuta ule kwa picha ya bendi, Brashi akamwambia mama yake hahamishwi. Mtaa wote ulisikia.

"Umelipiza, siyo? Umemfuta mama aliyekushonea sare ya shule?"

Besi alimtazama afisa. Akamtazama hasa, kisha akainamisha kichwa. "Chokaa nimetoa mimi. Nilaumu."

Afisa alifumbua mdomo. Ukweli ulikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, na lililotoka ni neno moja tu: "Pole."

Tangu siku hiyo alijichukia. Besi aliweka gitaa ndani, akaacha kufika mazoezini, na uzinduzi wa mtaa ukawa unakaribia bendi haina besi. Brashi naye alizidi kumshikilia afisa kama mtu aliyebakiwa na nguzo moja.

"Umebaki wewe tu, Nne. Wewe huwezi kunifanyia vile."

Maneno hayo yalimwingia kama maji ya moto. Angejibu nini? Alisema ndiyo, mpenzi. Usingizi ukampaa, chakula kikawa hakipiti.

Dada yake mkubwa, msusi mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, alimkalisha kitini akaanza kumfumua nywele.

"Mdogo wangu, umekonda mpaka shingo inaomba msaada. Amekuacha?"

"Hajaniacha. Angeniacha angekuwa na haki."

Akamweleza yote. Dada akaweka chanuo chini kabla ya kumaliza kichwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika saluni ile.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Kosa lilikuwa la kalamu. Huku kunyamaza ni kwako mwenyewe. Simama, nenda. Kusuka utasuka siku nyingine."

Akaondoka na nusu ya kichwa kimefumuliwa, akajifunga kitambaa njiani. Alimkuta Besi kwao, anatengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika.

"Ulijua ni mimi," afisa alisema mlangoni.

Besi akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha ya vibarua, yenye sahihi ya afisa. "Nilijua, shemeji."

"Kwa nini hukumwonyesha?"

"Mama yake alipokwenda, yule jamaa alikaa miaka miwili hajacheka. Alicheka siku ulipomwandika mama yake gotini." Besi akakunja tena karatasi. "Mimi atanisamehe, tumekua sahani moja. Wewe sikuwa na hakika. Nikaona bora nimpoteze mimi kwa muda."

Afisa alilia hapo hapo mlangoni, bila kujali jirani aliyekuwa anaanika nguo. Aliomba msamaha, Besi akampa kiti na maji, akamwambia msamaha wake upo, lakini si yeye anayedaiwa ukweli.

Mchana ule ule alimpigia Brashi kutoka chini ya ngazi yake.

"Nane, shuka. Sitaki kulisema hili ukiwa juu."

Akashuka anacheka. Afisa akampa nakala ya orodha, akaonyesha nne kwa kidole, akasema moja kwa moja kabla woga haujamrudia. "Niliandika namba zako kwenye karatasi ya ofisi. Sikuzigeuza. Besi hana kosa, na nilijua tangu asubuhi ile ya kwanza."

Brashi alisoma karatasi, akaisoma tena.

"Siku ngapi hizo?"

"Kumi na tisa."

"Kosa ningelibeba, Nne. Ningelia, halafu ningekutania nalo mpaka uzee wetu." Sauti yake haikupanda. "Siku kumi na tisa umenisikia namtukana ndugu yangu, na jioni unaniuliza kama nimekula."

Akaiacha ngazi, akaenda kwa Besi anakimbia. Afisa akabaki na makopo ya rangi.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Hakujitetea popote, ofisini pia alipeleka barua na kueleza kosa lake, akapewa onyo, akalipokea. Siku ya sita simu ikalia. Ilikuwa Besi.

"Shemeji, chokaa imeanza kubanduka. Juu ya rangi ya mafuta haishiki. Njoo na ndoo."

"Ameniita yeye?"

"Nimekuita mimi. Njoo na ndoo."

Alikuta vijana wa bendi, mafundi na watoto wa kuchora wamejipanga ukutani na sponji. Brashi alikuwa juu ya ngazi, hakugeuka. Cherehani ilikuwa imeshatokea, na mikono ya mama, na kitambaa. Uso haukuwepo. Brashi aliumalizia kwa rangi ya maji, na ulikuwa umeondoka pamoja na chokaa. Afisa alipoiona ile nafasi tupu juu ya shingo, akajua kuna kitu hatakilipa maisha yake yote.

Akalowanisha sponji, akapiga magoti sehemu ya chini ambako hakuna aliyefika, akaanza kusugua kwa nguvu, machozi na maji yanachuruzika pamoja. Weupe ukayeyuka. Ikatokea nguo ya mama, kisha goti, na juu ya goti, chini ya vanishi, tarakimu kubwa aliyoiandika kwa mkono wake.

Mkono wake ukasimama. Juu kule mlio wa ngazi nao ukakoma.

"Besi," Brashi akaita, macho bado ukutani.

"Naam."

"Mwambie shemeji yako hapo gotini asugue taratibu. Asiifute."