Kisanduku cha Tunda

Neno la kwanza nililowahi kusoma kwa Morse lilikuwa "mupenzi".

Halikuwa langu.

Nilikuwa na visikilizio masikioni na bisibisi mkononi. Neno lilitoka kituo cha Tunda, kwa mwanamke anayeitwa Safi, na alikuwa anamwita Sumaili... mchumba wangu, ambaye mahari yake baba alikuwa ameshaipokea.

Tulieni niwaeleze.

Ni Kindu hii hii, enzi za Zaïre, tukiitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi. Mimi Hadidja nilishika radio kwenye kampuni moja ya mchele. Watu wa vituo vyetu vya Kalima, Pangi na Tunda, wote niliongea nao kwa mdomo. Ila pembeni ya radio palifungwa kisanduku cha Morse, cha kugonga ti-ti-ta kwa kidole. Kalima na Pangi walishakisahau. Tunda tu ndio waliokuwa bado wanakitumia.

Na kilikula batri vibaya sana.

Morse aliijua Sumaili peke yake, fundi wetu. Tunda wakigonga, ananiinua kwenye kiti, anavaa visikilizio, anagonga na yeye, anatabasamu.

"Wanasema nini?"

"Mambo ya mupunga tu."

Mpunga gani unamchekesha mtu hivyo? Wivu ulinikaba, jamani. Karatasi ya herufi za Morse ilikuwa imebandikwa ukutani. Nikaikariri kimyakimya. Nyumbani nikawa nagonga kijiko kwenye sufuria, mama akadhani nimerukwa na akili.

Siku moja mkubwa wetu, citoyen Onema, akanijia.

"Hadidja, we njo unatumikisha hii radio. Kisanduku, tuiache ao tuitoe?"

Kabla sijafungua mdomo, Sumaili akadakia.

"Tuiache, citoyen. Wakati ya radi sauti haipite. Morse inapita."

Sababu nzuri. Sasa jasho lile usoni mwake la nini?

"Nipe mpaka kesho, citoyen," nikasema.

Kesho yake Sumaili akaniaga, anakwenda Kalima kutengeneza antena. Nikasema hapo hapo, leo kisanduku kinatoka. Nikachukua bisibisi. Radi ilikuwa inanguruma upande wa Tunda, sauti yao inakatikakatika... kisha ikaanza ti-ti-ta.

MUPENZI.

Nikafungua skrubu ya kwanza. Ti-ti-ta ikaendelea.

USIPANDE LORI. DARAJA IMEANGUKA. SAFI.

Lori? Si alikwenda Kalima, ng'ambo ya mto, na lori la huku ni la Tunda tu?

Acha apande, wivu ukaniambia, acha aende kwa mupenzi wake. Halafu nikawakumbuka wamama wanaokaa juu ya mizigo ya lori la Tunda, na watoto migongoni.

Nilikimbia bila viatu mpaka lori linapopakilia.

Lori lilikuwa limeshawashwa. Nikasimama mbele yake mikono juu, dereva akanitukana mpaka akachoka. Na kwenye kabini, pembeni yake... Sumaili. Amepakata pagne mpya, kitenge cha kumpelekea mtu.

"Sumaili, tangu lini watu wanakwenda Kalima bila kuvuka muto?"

"Hadidja, ngoja nikuelezee..."

"Shuka. Mushuke wote. Daraja ya Tunda imeanguka."

"Nani amekuambia?"

"Safi. Amesema usipande, mupenzi."

Wamama walianza kushuka, mmoja mmoja, wananishika mikono.

Nilirudi ofisini nalia. Citoyen Onema alikuwa amesimama mbele ya radio.

"Basi, citoyenne? Tuitoe?"

Nikaikaza ile skrubu niliyoifungua.

"Ibaki, citoyen. Sumaili alisema kweli, wakati ya radi sauti haipite. Bila Morse, leo ingekuwa maiti. Ila munifundishie na wengine Morse, isibaki kwa muntu mumoja."

Kisha nikakaa kwenye kiti changu na kumgongea Safi, polepole, kwa hasira yote niliyokuwa nayo:

LORI IMESIMAMA. WATU WOTE WAZIMA. MIMI HADIDJA. SUMAILI CHUKUA, MAHARI YAKE NARUDISHA.

Nikadhani radi imemkata. Kisha Tunda ikagonga, taratibu, kama mtu aliyekaliwa kifuani.

MAHARI GANI? ALISEMA WE NJO DADA YAKE.

Dada yake, eti ndiye mimi!

Wapendwa, kitu chenye faida usikitoe kwa sababu ya mtu aliyekichezea. Mtoe huyo mtu.

Jioni ile tulimtoa wawili, mimi na Safi, kwa kisanduku kile kile.